Dhahabu Haivutwi na Sumaku. Rudia.

Ninafundisha sayansi darasa la tano, shule moja ya msingi huku Tandahimba, mkoani Mtwara. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu bado naishi hapohapo na bado nakopa sukari kwenye duka la shemeji yake mmoja wa wahusika.

Yote yalianza na swali jepesi kabisa. "Umeme unatoka wapi?"

Wa kwanza akasema unatoka kwenye nguzo. Wa pili akasema unatoka Msimbati, kwenye gesi. Huyo nikaamuru apigiwe makofi, maana gesi ya kule Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme pale Mtwara mjini. Wa tatu akasimama, akajifuta pua, akasema, "Unatoka kwenye simu ya baba."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Baba akibonyeza simu zinakuja namba, mama anaziingiza kwenye mita ya LUKU, taa inawaka."

Nilitafuta pa kumshika nikapakosa. Nikawaambia basi, wiki hii tutauona umeme kwa macho, na tutaanza na sumaku, kwa sababu hiyo gesi ya Msimbati kazi yake ni kuzungusha mtambo tu. Umeme wenyewe unazaliwa pale sumaku inapozunguka karibu na misokoto ya waya wa shaba. Shule yetu sumaku tulikuwa nayo moja, nzuri, nyekundu, yenye umbo la kwato. Ilikuwa kwenye kitabu.

Nikaenda kwa fundi redio. Akaniuzia kwa shilingi 3,000 spika iliyopasuka kwenye sherehe ya unyago, na kwa namna ilivyochanika nadhani hiyo sherehe ilifana. Nyuma yake kulikuwa na pete nyeusi nene, nzito, kama kitumbua kilichoungua chenye tundu katikati. Sumaku moja, watoto 92. Nikaiviringisha kwenye kitambaa, nikaipiga nyundo mara moja tu. Sumaku za spika ni kama kigae, hazipindi wala hazibonyei, zinapasuka. Nikapata vipande tisa, nikavigawa kwa makundi.

"Sumaku ukiivunja huiui," niliwaambia, nikijiona bingwa. "Kila kipande kinakuwa sumaku kamili, chenye ncha yake ya kaskazini na ncha yake ya kusini." Jioni nikakusanya vipande sita. Kumbe vina na miguu.

Somo lenyewe lilikwenda vizuri mpaka nilipoandika ubaoni, "Sumaku huvuta chuma." Sasa kwetu sisi, kitu chochote kikigongwa kikalia, basi ni chuma. Binti mmoja akachomoka mbio hadi jiko la uji, akarudi na sufuria bado lina ukoko, akalibandika kipande cha sumaku. Kikateleza, tii, sakafuni.

"Mwalimu, sufuria si chuma?"

"Ni alumini."

"Kwa hiyo ni plastiki?"

Nikafuta ubao, nikaanza upya. Nikawaambia metali ni ukoo, na chuma ni mtoto mmoja tu katika huo ukoo. Sumaku inamvuta chuma, inamvuta nikeli na kobalti, lakini shaba, alumini, fedha na dhahabu haiwagusi. Tukaenda kwenye sarafu. Ya shilingi 500 ikaruka ikanasa, ya 200 ikagoma kabisa. Kijana mmoja akasema ndiyo maana mia mbili haikai mfukoni. Sikumsahihisha.

Siku ya pili nikaleta kilichowapagawisha. Msumari wa inchi sita, nikauzungushia waya mwembamba wa shaba niliotoa kwenye mota mbovu, misokoto kama mia hivi, na betri mbili za tochi. Ukiunga waya kwenye betri, msumari unabeba pini na vifuniko vya soda. Ukiachia, vyote vinadondoka. Sumaku ya kuwasha na kuzima! Walinirudisha mara kumi na tatu, mpaka waya ukaanza kuchoma vidole. Nikawakaririsha kwa sauti, darasa zima, kama kaswida: "Waya usipoungwa, mzunguko haujakamilika! Mzunguko usipokamilika, msumari ni msumari!" Mwalimu mkuu alichungulia dirishani akaondoka anatabasamu. Nilijua mwaka huo lazima nipewe hata sahani ya mwalimu bora.

Nikatoa kazi ya nyumbani: orodhesha vitu kumi vya nyumbani kwenu vinavyovutwa na sumaku.

Wengi walibuni tu, maana hawakuwa na sumaku. Lakini kijana mmoja wa dawati la nyuma aliandika kama aliyefanya utafiti. Jembe. Panga. Pasi ya mkaa. Bati. Kitasa. Wembe. Mfuniko wa chai. Ringi ya baiskeli. Mkufu wa dhahabu wa mama. Bawaba. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka vyema tisa, kwenye mkufu nikapiga mkasi mmoja mrefu, na pembeni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu: "Dhahabu haivutwi na sumaku. Rudia."

Mtoto msikivu yule. Akaenda akarudia. Na safari hii alirudia mbele ya mama yake, daftari limefunguliwa.

Mama huyo nitamwita Mama Fulani. Alifika shuleni saa nne asubuhi, khanga moja kiunoni, nyingine begani, hajasalimia mtu njia nzima. Mkono mmoja daftari, mkono mwingine kipande changu cha sumaku, na kwenye kipande unaning'inia mkufu, unabembea.

"Mwalimu, huu mwandiko wako?"

"Wangu, mama."

"Na wino mwekundu?"

"Wangu."

"Haya. Rudia na wewe."

Nikarudia. Nikajaribu upande wa kaskazini wa sumaku, nikajaribu wa kusini, nikaufuta mkufu kwa leso. Kila nikikaribisha kipande, mkufu unainuka mezani kama nyoka anayesikia ngoma. Mama Fulani akaniambia bei aliyotajiwa na mumewe: shilingi 450,000, malipo ya korosho ya mnada wa kwanza. Kisha akakunja daftari akaondoka bila kuaga, na mimi nikabaki natazama kalamu yangu nyekundu.

Usiku mume akaja. Hakuja mikono mitupu, alikuja na korosho zilizobanguliwa, kama kilo tano, nyeupe, nzima nzima, za daraja la kupeleka nje. Akampa mke wangu mlangoni kabla hata sijajua kuna mgeni.

"Mwalimu, wewe ni mwanaume mwenzangu," akaanza, na mtu akianza hivyo jua umekwisha. Mkufu aliununua kwa machinga, shilingi 7,000. Zilizobaki zilikwenda kwenye mambo. Mambo gani sikumuuliza; huku msimu wa korosho ukifika mambo ni mengi, na uraka, ile pombe ya mabibo, nao unakuwa umeiva. Kesho yake kulikuwa na kikao kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mimi nimeitwa kama mtaalamu. "Kijana ameniambia una sumaku nyingine. Ile ya kuzima."

Nilitaka kukataa. Wallahi nilitaka. Lakini jikoni nilishaanza kusikia harufu ya korosho zinakaangwa.

Jumamosi, chini ya mwembe, kijiji kizima. Wazee kwenye viti, kina mama kwenye mikeka, vijana kwenye pikipiki zao, na wanafunzi wangu juu ya mwembe, kila tawi watatu. Mume akasimama akajitetea kwa ustadi ambao sikuutegemea. Alisema hicho kipande kilichovuta mkufu ni sumaku iliyovunjwa na mwalimu mwenyewe kwa nyundo, mashahidi wapo. "Kinu kikipasuka hakitwangi. Sumaku iliyovunjika itajuaje dhahabu?" Wazee wakatikisa vichwa, naam, kuna hoja. Mwenyekiti akanigeukia mimi. Mimi, niliyewafundisha watoto 92 kwamba kila kipande ni sumaku kamili, nikaangalia chini nikasema, "Inawezekana."

Juu ya mti kukawa kimya. Kimya kile nakisikia mpaka leo.

Mwenyekiti akaamua itumike sumaku nzima. Nikatoa msumari wangu. Nikaweka betri mbili pamoja, nikaunga ncha moja ya waya, na ile nyingine nikaificha chini ya dole gumba. Nikashusha msumari taratibu juu ya mkufu, nikiusogeza huku na huku kwa mbwembwe kama daktari anapima mapigo ya moyo. Mkufu haukutikisika. Mume akashusha pumzi ndefu mpaka vumbi likaruka. "Mnaona! Mnaona wenyewe!"

Basi sauti ikatoka mwembeni, nyembamba: "Mwalimu, waya haujaungwa!"

Nikajifanya sijasikia. Likajibu tawi la pili, la tatu, halafu mti mzima, kwa pamoja, kwa ile ile kaswida: "Waya usipoungwa, mzunguko haujakamilika! Mzunguko usipokamilika, msumari ni msumari!" Wazee wanauliza, watoto wanasema nini? Na kabla sijatunga jibu, binti yangu wa kumzaa, ambaye yuko darasa hilo hilo, akateremka mtini, akaja mbele za watu na adabu zake zote, akapiga goti, akasema "Samahani, baba," akauchomoa waya chini ya dole gumba langu na kuubana kwenye betri barabara, kama nilivyomwelekeza.

Mkufu uliruka. Haukuvutika, uliruka, ukajibandika kwenye msumari, mlio wake ukasikika hadi kwa waendesha pikipiki.

Mwaka 1820 bwana mmoja wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme, na inasimuliwa kwamba ilitokea mbele ya wanafunzi wake. Yeye aligundua. Mimi niligunduliwa.

Nikajaribu mlango wa mwisho. Nikasema, na hili ni kweli kabisa, kwamba hata mkufu wa dhahabu safi kwenye kifungio chake mara nyingi huwa na springi ndogo ya chuma, hivyo huenda sumaku imevuta kifungio tu. Mume akadakia, "Springi! Ndiyo, springi!" Mama Fulani akanyanyuka mkekani bila haraka. Akaubandua mkufu, akashika kifungio mkononi mwake, akasogeza upande wa pili kwenye msumari. Ukanasa. Akasogeza katikati. Ukanasa. "Huu wote springi?" akauliza.

Wakati huo waya ulikuwa umepata moto sawasawa, nikauachia, msumari ukaanguka mchangani na mkufu ukidondoka pembeni yake. Mwenyekiti akaahirisha kikao. Mama Fulani hakuahirisha. Kwa taarifa yenu, malipo ya mnada uliofuata walikwenda kuyachukua benki wawili, mume amembeba mkewe kwenye baiskeli.

Vile vipande viwili vingine vya sumaku sijavipata mpaka leo. Kimoja nasikia kiko kwenye kilabu cha uraka, wanakichezea kamari kwa sarafu za mia tano. Cha pili kinashikiliwa na kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, kinapimia dhamana. Nilikwenda kukidai, katibu akaniuliza kama na mimi nataka mkopo.

Jioni ya kikao nilirudi nyumbani nimechoka hata kula sitaki. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, pembeni yake bakuli la korosho, na mbele yake kipande kimoja cha sumaku kutoka kwenye mfuko wangu wa shule. Pete yake ya ndoa ilikuwa imeshavuliwa. Hakusema kitu. Akaisogezea sumaku kwa huku, akaisogezea kwa kule, akaigeuza. Pete ikatulia tuli, kama haijui kinachoendelea.

Moyo wangu uliporudi mahali pake nilipata na sauti. Nikavuta bakuli la korosho karibu. Nikamwambia, "Unaona? Si kila mwanaume ni wa kununua vitu kwa machinga." Nikarusha korosho hewani, nikaidaka kwa mdomo. Pete ile niliinunua Kariakoo mwaka niliopata ajira, na bei yake ni siri kati yangu na yule aliyeniuzia.

Binti yangu alikuwa pembeni anaandika. Akafungua kurasa za nyuma za daftari, akasoma kwa sauti, akifuata mstari kwa kidole: "Visivyovutwa na sumaku. Dhahabu, fedha, shaba, alumini..." Akanyamaza kidogo. "Baba, kama shaba nayo haivutwi, sasa tunajuaje hii si shaba?"

Korosho ikanipalia. Nilipomaliza kukohoa nikamjibu kitaalamu kwamba njia ipo, unapima uzito na ujazo kwa kutumia maji, dhahabu ni nzito zaidi kuliko shaba kwa ujazo ule ule, lakini hiyo ni mada ya densiti na inafundishwa sekondari, kidato cha kwanza.

Mke wangu akaichukua pete, akaipuliza vumbi, akaivaa kidoleni polepole huku ananitazama.

"Soma kwa bidii, mwanangu," akamwambia binti. "Ufike sekondari upesi."