Kiwanda cha unga kinalisha zaidi ya mla ugali

Hapa Dar mazungumzo ya uchumi wa viwanda yakianza, watu hukimbilia gesi, madini na reli. Unga, mafuta ya kula, juisi, biskuti na bia hutajwa mwishoni, tena harakaharaka. Naamini hapo ndipo tunapojipunja, maana hakuna kiwanda kinachowagusa watu wengi wa kipato cha chini kama kiwanda cha chakula.

Tazama kinu kimoja tu cha unga. Mbele yanatoka malori ya viroba yakielekea Kariakoo na mikoani. Nyuma kuna foleni nyingine, ya maguta na Fuso zinazosubiri pumba. Ukisaga kilo 100 za ngano kupata unga mweupe, karibu robo hubaki pumba, na hicho ndicho chakula cha ng'ombe wa maziwa na kuku wa mjini. Alizeti nayo ikishakamuliwa huacha mashudu. Mama anayefuga kuku wa mayai Kitunda au Chanika hajawahi kuajiriwa kiwandani, lakini pumba zikiadimika yeye ndiye wa kwanza kulia. Trei ya mayai inapanda, na muuza chipsi wa mtaani kwako anapandisha vilevile. Bado sijamtaja kuli, dereva, fundi mota, mtengeneza makatoni, wala mama lishe anayewapikia wote hao mchana.

Tuliwahi kuwa na kiwanda cha maana pale Kawe. Tanganyika Packers ilisindika nyama ya ng'ombe kwenye makopo na kuiuza hadi Uingereza. Leo vijana wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya mikutano ya injili inayofanyika kwenye viwanja vyake. Inaniuma, kwa sababu sisi ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, na kiwanda cha namna ile kikifa mfugaji anabaki na mnada na dalali. Korosho ni hivyo hivyo: viwanda vya kubangua vilijengwa Kusini miaka ya 1970, vingi vikasimama, na mpaka sasa sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kazi ya kubangua, ambayo huajiri wanawake kwa wingi, inaondoka nayo.

Sisemi kila kiwanda kina faida sawa. Ngano nyingi inayosagwa Dar inatoka nje, na mafuta ghafi ya mawese yanakuja kutoka Malaysia na Indonesia kusafishwa hapa. Ajira za kinuni ni za kweli na nazithamini, ila fedha ya mkulima inakwenda kwa mkulima wa huko. Kwangu mimi kiwanda kinachonunua shambani kwetu kina uzito maradufu, na sera ya kodi ingepaswa kuuona uzito huo. Kwa sasa kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, jicho huenda kwanza kwenye bia na soda, bidhaa ambazo tayari zinabeba ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18. Ni rahisi kuvikamua viwanda hivyo kwa sababu vinaonekana na vina vitabu vya hesabu.

Ningependa nguvu hiyo ielekezwe kwenye mikataba. Wakulima wa shayiri wa Kaskazini wamekuwa wakilima kwa makubaliano na kiwanda cha bia, wakijua mnunuzi ni nani kabla mbegu haijaingia ardhini. Mkulima wa alizeti wa Singida naye anastahili kujua hilo kabla ya mvua, bei ikiwa imeandikwa. Na wa embe za Mkuranga, na wa nanasi za Kiwangwa, ambao msimu ukikolea wanalazimika kuuza kwa bei ya kutupa ili mzigo usiwaozee barabarani.