Taa ya dharura haitoshi nahodha akinyamaza

Nairobi haina bahari, lakini ofisi ya kanda ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) iko hapa hapa, na kila Desemba treni ya SGR huteremsha Mombasa watu wengi wasiowahi kupanda chombo chochote cha majini. Wanaosema usalama wa watu hao majini uanzie kwenye taa za dharura, si kwenye matangazo ya nahodha, wana hoja. Mkataba wa SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaitaka meli ya abiria ya safari za kimataifa iwe na umeme wa dharura wa saa 36. Tena taa haihitaji mkalimani. Meli ya abiria Scandinavian Star ilipoungua mwaka 1990, watu 159 walikufa, wengi kwa moshi. Moshi hupanda juu na kuziba taa za darini. Ndiyo sababu siku hizi njia za kutokea huwekewa alama za kung'aa karibu na sakafu, anayetambaa azione.

Sawa. Ila katika meli hiyo hiyo mabaharia wengi hawakuwa na lugha moja na abiria, na hilo watetezi wa taa hulipita haraka.

Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia mwaka 2012, abiria walitangaziwa kuwa ni hitilafu ya umeme tu. Amri ya kuihama meli ilikuja baada ya zaidi ya saa moja. Saa nzima! Meli ilivyozidi kulala ubavu, ndivyo baadhi ya boti za uokoaji zilivyoshindikana kushushwa. Watu 32 walikufa, na sioni taa ambayo ingewarudishia saa ile. Sewol, feri iliyobeba wanafunzi Korea Kusini mwaka 2014, ilipinduka asubuhi kweupe. Vipaza sauti viliwaambia wanafunzi wabaki walipo, wakatii. Waliokufa ni 304. Nahodha aliokolewa mapema.

Wapo watakaosema: basi sauti ndiyo hatari. Kwangu, hiyo ni sababu ya kumfunza anayeshika kipaza sauti, kwa bidii ile ile tunayoitumia kukagua jenereta.

SOLAS haiigusi feri ya Likoni, Mombasa. Safari za ndani zinasimamiwa na sheria zetu wenyewe. Kwa hiyo hatuna haja ya kusubiri mtu London, makao makuu ya IMO. Tangazo la Kiswahili kabla ya kung'oa nanga linachukua dakika mbili. Na mkaguzi, akishajaribu taa, amgeukie abiria yeyote amuulize: honi saba fupi na moja ndefu, ishara ya dharura melini, ukizisikia, utaelekea wapi?