Popobawa tunamjua, popo wetu hatumjui

Mtajie mtu wa Bagamoyo popo, atakutajia maembe yaliyotafunwa usiku, au popobawa, yule jini wa kusimuliwa. Huyo wa pili aliwalaza watu nje Pemba na Unguja mwaka 1995, na hakuna aliyemkamata. Popo wa kweli wa pwani hii, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani, hana hata jina mtaani.

Wataalamu humwita Kerivoula africana. George Dobson, daktari wa jeshi mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyemwelezea kitaalamu mwaka 1878, kwa sampuli iliyotoka pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar. Yaani huku huku kwetu. Maembe yako hana haja nayo. Chakula chake wadudu. Ni kidude cha gramu chache, masikio ya umbo la faneli, manyoya marefu laini kama sufi. Ndugu zake wa karibu hujibanza mchana kwenye viota vilivyohamwa na ndege, vile vya mnana vinavyoning'inia. Unapita chini yake, huna habari.

Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, inamhesabu miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, maana misitu ya pwani anayoitegemea inazidi kukatwa. Sawa, ila orodha haizuii shoka. Msitu wa Zaraninge angalau umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Vipande vya nje vinaondoka kwa gunia: alfajiri utaziona bodaboda zikielekea Dar es Salaam, magunia ya mkaa yamempita dereva kimo, midomo imezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba. Wanaomlaumu mchoma mkaa peke yake siwaelewi. Anayekula pilau lililopaliwa makaa Sinza naye kashika mpini.

Kwa hiyo popo huyu ataokolewa jikoni, kama ataokolewa. Mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie kupikia ifikapo 2034. Vizuri. Lakini mama ntilie hatumii mkaa kwa kupenda moshi. Ananunua mkaa wa kopo kwa sababu ndiyo hela aliyonayo leo, na mtungi wa gesi unamtaka alipe yote kwa mkupuo. Gesi ya mita, ya kulipia kidogo kidogo, ilishaanza Dar es Salaam. Ruzuku ningeielekeza huko kwanza, mitungi ya kugawa kwenye mikutano ifuate baadaye.