Baotu ni Zaidi ya Hadithi za Wafalme

Ukifika Jinan, mji mkuu wa jimbo la Shandong nchini China, hata begi hujatua utaambiwa uende Baotu, chemchemi iliyo ndani ya bustani. Nenda, ila usiwe kama wageni wanaopiga picha mbili tatu na kukimbilia chakula.

Simama ukingoni mwa bwawa. Maji yanachomoza kutoka matundu matatu kwa nguvu hadi uso wa bwawa unavimba na kutokota kama sufuria jikoni, ilhali yana nyuzi joto 18 hivi mwaka mzima. Ndiyo maana wakati wa baridi kali mvuke hutanda hadi kwenye nguzo za ukumbi wa Luoyuan.

Nyuma ya ukumbi huo kuna hekalu la Ehuang na Nüying, mabinti wa mfalme Yao ambao ngano inasema wote wawili waliolewa na mfalme Shun. Qianlong, mfalme wa nasaba ya Qing, naye husimuliwa kwamba alisafiri na maji ya chemchemi ya Yuquan kutoka Beijing, akaonja ya hapa, akayaacha yale. Mimi navutwa zaidi na Li Qingzhao, mshairi wa enzi ya Song aliyezaliwa mwaka 1084. Jumba lake la kumbukumbu limo humohumo bustanini.

Lakini kisa kikubwa kuliko vyote hakina mfalme. Mvua ya vilima vya kusini huzama kwenye miamba ya chokaa, hupita chini kwa chini kuelekea kaskazini, hukutana na miamba isiyopitisha maji chini ya mji, ikabaki njia moja tu: kupanda. Kuanzia miaka ya 1970 visima vilifyonza maji mengi mno, Baotu ikawa inakauka, na kati ya 1999 na 2001 ilikauka kwa zaidi ya miaka miwili. Mji ukafunga visima, ukategemea zaidi maji ya Mto Manjano. Tangu Septemba 2003 chemchemi haijakatika.

Kwa hiyo inaniuma mgeni akisimuliwa Qianlong kwa kirefu na visima visitajwe kabisa. Bila kufungwa visima, Qianlong angekuwa anasimuliwa kando ya shimo kavu. Ningetaka kila ziara ianzie kwenye kibao kinachoonyesha kina cha maji cha siku hiyo, kisha iishie chemchemi ya Heihu, ambako wenyeji hukinga maji kwa madumu wakapikie chai nyumbani. Na ukiweza kuchagua, nenda baada ya mvua za Julai na Agosti, maji yakiwa na nguvu.