Si ukaidi
Nimesoma habari inayosema watu wengi wasio na makazi, wanaolala nje, hukataa kwenda kwenye makazi ya muda, kana kwamba ni ukaidi. Mzee mmoja niliyezoea kumsalimia asubuhi aliniambia kule aliibiwa kitambulisho, na bila hicho hapati kazi. Kabla ya kuanza kumsalimia, nilimpita miezi mingi bila hata kumtazama usoni. Linaniuma mpaka leo. Finland, tangu 2008, humpa mtu nyumba kwanza, kwa mkataba wa upangaji wenye jina lake, bila kumtaka aache pombe kabla. Msaada mwingine hufuata akishatulia. Wasio na makazi huko walipungua sana. Anayelala usingizi wa mang'amung'amu akihofia kupigwa, atapata wapi nguvu ya kutafuta kazi?