Bati la jirani na hesabu ya kuridhika

"Pesa hainunui furaha." Maneno haya nayasikia misibani, kwenye ibada, hata ndani ya daladala, na kila mtu huitikia kwa kichwa. Mimi huwa najiuliza anayeyasema analala chini ya paa gani.

Mwaka 2011 na 2012, shirika la GiveDirectly liligawa fedha katika vijiji vya Rarieda, kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Zilizolengwa ni kaya za nyumba za nyasi, na za kupewa zikachaguliwa kwa bahati nasibu. Fedha ziliingia kwa M-Pesa bila sharti lolote. Wachumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kilichotokea na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Hofu ya wengi ilikuwa pombe, lakini matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda. Watu walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo, wakaezeka mabati. Walipoulizwa hali ya moyo, waliopewa walionyesha furaha zaidi na msongo wa mawazo mdogo kuliko wenzao.

Aliyewahi kuamka usiku wa masika kusogeza kitanda cha watoto kwa sababu paa linavuja anaelewa mara moja. Ndiyo maana inaniuma kusikia watu wa vijijini wakisifiwa kwamba ni "maskini lakini wana furaha". Sifa hiyo humpumzisha anayeitoa. Anayesifiwa bado anavujiwa.

Hata hivyo wanaosema furaha haiko kwenye pesa nao wana ushahidi, na unatoka vijiji vilevile. Katika andiko la mwaka 2015, Haushofer, Shapiro na mwenzao James Reisinger waliangalia majirani. Kadiri wengine kijijini walivyotajirika, ndivyo majirani walivyopungukiwa na kuridhika na maisha yao, hasa wale ambao hawakupata kitu. Nyumba yao ilikuwa ileile ya mwaka jana. Kilichobadilika ni ng'ambo ya uzio, ambako sasa bati lilikuwa linang'aa.

Wepesi wa kuhukumu watasema ni wivu. Sikubaliani nao. Kiswahili hutenganisha mambo ambayo mjadala huu huyachanganya: raha huonjwa na mwili, furaha hukaa moyoni, lakini kuridhika ni hesabu, na hesabu haifanyiki bila kipimo. Wachumi hao hawakuona kwamba majirani walizidiwa na msongo au huzuni. Kilichoshuka ni ile tathmini ya "maisha yangu yakoje", nayo ilijirudi kadiri muda ulivyopita. Hata ripoti ya furaha duniani, inayoipa Finland nafasi ya kwanza kila mwaka tangu 2018, huuliza hesabu hiyohiyo: mtu ajiweke kwenye ngazi ya 0 hadi 10. Nafasi hizo hazipangwi kwa kuuliza nani alicheka jana, kwa hiyo tusiisome kana kwamba inapima vicheko.

Tena fikiria bahati nasibu yenyewe. Kaya mbili zenye nyasi zilezile na shida zilezile, moja inapigiwa simu, nyingine haipigiwi. Kwangu mimi hayo ni maumivu ya kuachwa, na mtu hawezi kuyatibu kwa kuambiwa ashukuru alichonacho.

Baadaye shirika hilo lilirudi Siaya kwa mpango mkubwa zaidi. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2022, ulihusu vijiji 653. Safari hii, katika vijiji vilivyochaguliwa, kila kaya ya nyumba ya nyasi ilipewa, karibu dola 1,000 kila moja. Fedha zilizunguka: biashara za karibu ziliuza zaidi, na hata kaya ambazo hazikupokea senti moja zikaongeza matumizi yao. Bati lilikuwa bado la jirani, lakini sehemu ya pesa yake ilipita mlangoni kwao pia.