Msitutoe ukumbini hoja ya kota inapofika

Kikao cha baraza la madiwani kilianza saa nne asubuhi. Wananchi tulikuwa kama thelathini, tumekaa viti vya nyuma, wengi wetu ni wapangaji wa kota za manispaa au watoto wao. Tuliacha shughuli zetu kwa sababu tulisikia siku hiyo mradi wa kubomoa kota na kujenga maghorofa utajadiliwa. Tukasikiliza taarifa za kata: madarasa, zahanati iliyoezekwa ikakosa milango, mapato ya soko. Agenda ya kota ilipofika, mwenyekiti akasema baraza sasa litakaa kama kamati, wageni wapishe. Tukatoka. Tulisimama chini ya mwembe saa moja na nusu. Tulipoitwa tena, hoja ilikuwa imeshapita na waheshimiwa wameshagonga meza.

Mama yangu anaishi kwenye kota hizo tangu mwaka 1978. Ana vyumba viwili, choo na jiko la kuchangia uani, na mwarobaini ambao kivuli chake ndiyo sebule ya majirani wote. Jioni ile nilimkuta kibarazani ananingoja. Aliniuliza, "Mwanangu, wamesemaje?" Nikamwambia kwamba ilipofika zamu yetu walitutoa nje.

Maghorofa siyapingi. Kwenye sensa ya 2022 Dar es Salaam peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3, na miji mingine nayo inafurika. Kiwanja kikubwa katikati ya mji kikiwa na safu za vyumba vya chini, tena chenye barabara na umeme karibu, lazima mtaalamu wa mipango miji akitamani. Kota zenyewe zimechoka. Bati linavuja, na mvua ikikolea maji taka yanarudi uani. Anayesema zibaki kama zilivyo hajalala mle ndani mwezi wa nne. Ninachotaka kijibiwe mbele ya watu, kabla ya kura, ni hiki: mpangaji aliyepo leo atakwenda wapi, atarudi lini, na atarudi kwa karatasi gani?

Tumeona mfano wa Magomeni Kota. Zile zilikuwa kota za Manispaa ya Kinondoni. Kaya 644 ziliondolewa na nyumba zikabomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa maelezo kwamba patajengwa upya. Kiwanja kikakaa kitupu. Watu wakatawanyika, huyu kwa ndugu, yule kwenye chumba cha kupanga mbali na shule ya watoto wake. Oktoba 2016 Rais Magufuli alifika pale, akaagiza serikali yenyewe ijenge kwa ajili ya wakazi wale wale, na kazi ikapewa Wakala wa Majengo. Machi 2022 Rais Samia akazizindua: nyumba 644, idadi ile ile ya kaya zilizoondolewa.

Watu hutaja Magomeni kama ushahidi kwamba mambo hatimaye hukaa sawa. Mimi naiona ile miaka ya katikati. Mtoto aliyekuwa anaanza darasa la kwanza kuta zikianguka, funguo zilimkuta sekondari. Wapo wazee waliofariki wakiwa bado wanaitwa "wakazi wa zamani". Na baraza la madiwani silo lililowarudisha watu wale. Ni kauli ya Rais. Je, kota zote nchini zingoje Rais apite barabarani kwao? Kitu kimoja pale kiliwasaidia sana, nacho ni hesabu. Kaya 644 ilikuwa idadi inayojulikana, ikatajwa mwaka baada ya mwaka, na wajenzi walipofika walikuwa na pa kuanzia. Kwetu hadi leo sijaiona orodha.

Kutengeneza orodha nako si kazi nyepesi, na hapa inabidi tuwe wakweli hata sisi wapangaji. Wapo waliopewa chumba na manispaa, wakahama zamani, wakampangisha mtu mwingine kwa bei ya juu zaidi. Yupo jirani yetu amekaa miaka kumi na minane kwenye chumba chenye jina la mtu mwingine kabisa. Nani atarudi ghorofani: mwenye jina, au aliyelea watoto mle? Mimi naona aliyelea watoto asiachwe mikono mitupu. Lakini hilo nalo lilitakiwa kubishaniwa na madiwani kwa sauti, sisi tukisikia, jirani yangu akipata nafasi ya kueleza kupitia diwani wake. Likiamuliwa ofisini siku ya kugawa funguo, litakuwa soko la rushwa.

Naelewa kwamba baraza lina ruhusa ya kukaa kama kamati. Kuna mambo yanastahili faragha, kama nidhamu ya mtumishi au kesi iliyoko mahakamani. Hata bei za wazabuni, kabla hazijafunguliwa, sina ubishi nazo. Lakini maisha ya kaya zilizomo ndani ya kota si siri ya mtu yeyote. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 ilikusudia mikutano ya baraza iwe ya wazi, na kama kuna hoja moja kwa mwaka inayostahili milango wazi, basi ni hii.

Mradi wenyewe tunaambiwa ni wa ubia: ardhi ya manispaa, fedha za mwekezaji. Sawa. Ila fedha zionekane kwanza. Kigamboni, mradi wa nyumba za Dege ambao NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iliingia ubia ulipangwa kuwa na maelfu ya nyumba, ukasimama mwaka 2016, na zege likabaki likinyeshewa. Mradi wa kota ukikwama namna ile, tayari kuna watu wameshatolewa kwenye vyumba vyao na hakuna pa kuwarudisha. Ndiyo maana nasema sululu ya kwanza isiguse ukuta kabla hela ya ujenzi haijathibitishwa benki na kila kaya haijashika barua yenye sahihi ya mkurugenzi, ikitaja chumba anachoacha, nyumba atakayorudi, na kodi atakayolipiwa huko anakosubiri. Barua hiyo iwe sehemu ya mkataba wa mwekezaji. Ahadi ya mdomoni ikizidi sana umri wake ni kipindi kimoja cha udiwani.

Kisha kuna lifti. Nimeambiwa baadaye kwamba diwani mmoja aliuliza habari ya lifti akajibiwa kuwa hilo ni la kitaalamu. Mama yangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Kila alfajiri anachoma maandazi kwa mkaa na kuyauza pale pale kibarazani. Hiyo ndiyo kodi yake, dawa yake, na nauli ya mjukuu. Ghorofa ya sita atapandishaje gunia la mkaa, na atauchomea wapi? Lifti ikiharibika nani anaitengeneza? Pampu ya maji nani anailipia umeme? Tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo, inayowataka wenye sehemu wachangie matunzo ya maeneo ya pamoja. Mchango huo ukizidi kodi anayolipa mama sasa, atakuwa amerudishwa kwenye nyumba asiyoimudu, na miezi michache baadaye ataiacha kimya kimya kwa mwenye uwezo. Wachoraji wakiambiwa leo waweke vibanda vya biashara chini na jiko la pamoja uani, ni mistari tu kwenye karatasi. Jengo likishasimama hakuna wa kuwasikiliza kina mama.

Kikao cha robo ijayo kitaanza, kama kawaida, kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, halafu yatokanayo, yaani mambo yanayofuatiliwa kutoka kwenye muhtasari huo. Mheshimiwa diwani wetu, simama hapo kwenye yatokanayo. Omba orodha ya wapangaji isomwe, chumba kwa chumba, na iingie kwenye muhtasari. Omba rasimu ya mkataba ijadiliwe tukiwa tumekaa. Tutakuja tena kukaa viti vya nyuma, na safari hii mama amesema atakuja mwenyewe. Stakabadhi zake za kodi tangu 1978 zimo kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, na ameshaanza kuzipanga kwa miaka.